Nyimbo za Kiwandani na Masikio ya Vijana Wetu

Twapenda kuwaletea wasomaji wetu jawabu la suala tuliloulizwa katika darasa letu la hapa Nyaramba. Muulizaji ni kijana wa kidato cha tatu, mwenye akili na adabu. Alisema: "Sheikh, kila mara mwatuambia kuwa nyimbo hizi tuzisikilizazo ni upuuzi. Je, upuuzi wake uko katika ngoma, au katika maneno, au ni upuuzi kwa kuwa ni zetu sisi vijana na si zenu ninyi wazee?" Suala hili ni la haki, na mwenye kuuliza kwa haki hajibiwi kwa makemeo. Tuliomba muhula tukatafute, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Katika mas'ala ya ala za muziki wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Imam Ghazali aliweka kitabu kizima ndani ya Ihya juu ya kusikiliza nyimbo, akapambanua baina ya namna na namna. Ibn Hazm wa Andalusi alizidhoofisha hadithi za kukataza akaruhusu. Na wengi wa wanavyuoni wa madhehebu manne wamezikataza nyingi katika ala hizo. Mwenye kuyataka hayo atayapata mahali pake. Leo hatusemi juu ya hukumu ya ngoma na zumari. Twasema juu ya kitu ambacho hata jirani yetu wa kanisani, tunayenunua naye sukari duka moja, aweza kukipima pamoja nasi: nacho ni wimbo uliotengenezwa kama itengenezwavyo sabuni, ambao mwenye kuutengeneza hana neno la kumwambia kijana, ila ana bidhaa ya kumwuzia.

Nyaramba si mji mkubwa. Ni soko katika vilima vya majani chai vya kaunti ya Nyamira, na mvua yake ya alasiri yajulikana. Lakini simama njiani saa ya watoto kutoka shule: utausikia wimbo mmoja katika spika ya kinyozi, na ule ule juu ya bodaboda, na ule ule katika simu iliyofichwa mfukoni mwa sare. Rejea baada ya miezi miwili, wimbo ule haupo, na mahali pake umekaa ndugu yake aliyefanana naye kama pacha. Mwulize kijana: "Ule wa kwanza ulikuwa ukisema nini?" Atacheka, akuambie: "Haukuwa ukisema kitu, Sheikh, ulikuwa wa kuchangamsha tu." Jawabu hili twaomba msomaji alishike, maana yote tutakayoyasema yanatoka ndani yake.

Ama kiwanda hiki hakikuanzia kwetu. Mwezi wa Septemba mwaka 1965, watengenezaji wawili wa vipindi vya televisheni huko Marekani walitia tangazo katika magazeti ya biashara ya sinema, wakitafuta vijana wanne wa kuigiza kundi la waimbaji. Walijitokeza 437. Wanne wakachaguliwa, wakaitwa The Monkees, na mwaka 1966 wakaonekana katika televisheni na sahani zao zikauzwa kwa wingi mno. Lakini ala zilizosikika katika sahani zile za mwanzo ziligongwa na watu wa kukodiwa, na nyimbo nyingi zilitungwa na wengine. Vijana wale walipochoka kuwa midomo ya watu, wakataka wapige wenyewe, wakateta na msimamizi wa muziki wao, Don Kirshner, naye akaondolewa mwaka 1967. Msomaji ajua alikokwenda? Alikwenda kusimamia kundi jingine liitwalo The Archies, ambalo waimbaji wake walikuwa picha za kuchora. Mwaka 1969 wimbo wa picha hizo, "Sugar, Sugar", ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Twaona kisa hiki chatosha kuwa darasa zima: kiwanda kilipopata waimbaji wenye nafsi kilisumbuka, na kilipopata waimbaji wasio nafsi kilistarehe.

Tangu hapo mambo yalizidi kupangika. Katika mji wa Orlando, Florida, alikuwako tajiri aitwaye Lou Pearlman, aliyekusanya kundi la Backstreet Boys mwaka 1993, na la pili, 'N Sync, mwaka 1995. Vijana wale waliimba mpaka wakajulikana duniani kote, kisha makundi yote mawili yakampeleka mahakamani kwa sababu ya fedha zao. Kwani katika kundi la kwanza, lenye waimbaji watano, yeye alikuwa akilipwa kama mwimbaji wa sita. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa kuwadhulumu watu waliompa amana zao, zaidi ya dola milioni 300, na alikufa gerezani mwaka 2016. Na nyimbo kubwa za miaka ile zilitungwa mbali na waimbaji wake, huko Stockholm, Uswidi, na mtungaji hodari mno aitwaye Max Martin. Wimbo uliomtoa Britney Spears mwaka 1998, naye ni msichana wa miaka 16, kwanza ulipelekwa kwa kundi jingine la wanawake, wakaukataa. Yaani kanzu ilishonwa kabla ya kujulikana mvaaji. Hatusemi kuwa kanzu ile haikushonwa vizuri. Ilishonwa vizuri sana. Twasema kuwa aliyesimama mbele ya watu akilia kwa machozi ya wimbo ule hakuwa mwenye machozi.

Korea ya Kusini wakaifanya kazi hii kuwa chuo. Kampuni ya SM Entertainment iliasisiwa mwaka 1995, na mwaka 1996 ikatoa kundi la H.O.T.; na tangu siku zile watoto huchukuliwa wangali wadogo, wakafundishwa miaka kuimba, kucheza, lugha za kigeni, hata namna ya kutabasamu. Mwaka 2009 vijana watatu wa kundi moja la kampuni hiyo walikwenda mahakamani kwa ajili ya mkataba wa miaka 13, na mwaka huo huo serikali ya huko ikaweka mfano wa mkataba usiozidi miaka saba. Kwa insafu, lazima tukiri kwamba watoto wale wana bidii ambayo wengi wa wanafunzi wetu hawana. Lau wanafunzi wetu wa nahau wangalikesha nusu ya mikesha ile, leo tusingekuwa tukitafuta walimu. Bidii si kasoro ya kiwanda. Kasoro yake ni kwamba katika bidii yote ile hapana mahali ambapo mtoto huulizwa: wewe una nini la kusema?

Hapa kwetu viwanda vilikuja kwa jina lao khasa, wala si kwa mfano. Mwaka 2006 yalianza mashindano ya kuimba ya Tusker Project Fame, yaliyobeba jina la bia. Na mwaka 2013 ikaja Coke Studio Africa, yenye jina la soda. Vijana wenye vipaji walipita humo, wengine wakanufaika, hatukatai. Lakini mwenye akili hujiuliza: muuza bia na muuza soda watafuta nini katika koo la kijana? Wanalitafuta lile koo lenyewe, na wimbo ni njia ya kulifikia.

Hata hivyo tusimtupie mgeni lawama yote. Mwaka 2018 vijana wa kundi la Ethic, wa mtaa wa Umoja, Nairobi, walitoa wimbo wao "Lamba Lolo", na kwao ukaenea muziki ulioitwa gengetone. Hawa hawakukusanywa na tajiri wala na televisheni. Walikuwa vijana wa mtaani wenye lugha yao na mzaha wao, na mwanzoni kulikuwa na uhai ndani yake. Aliyekataa kuuona uhai ule alikuwa amefumba macho. Lakini wimbo mmoja ulipopendwa, wakaja mia wa kuuiga: pigo lile lile, mzaha ule ule, neno lile lile chafu likitamkwa nusu ili mtoto alijue na mzazi asilijue. Waliokuwa watu wakageuka kuwa kiwanda bila ya kuwa na mwenye kiwanda. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na kufikia mwaka 2021 mvumo wake ulikuwa umepungua sana.

Katika mvumo huo huo ndipo likatukia jambo ambalo twapenda kulikalia kitako, kwa kuwa ndilo lililotubainishia sisi wenyewe tunachokitafuta. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 kundi hilo la Ethic lilitoa wimbo uitwao "Tarimbo". Hatuyakariri maneno yake. Yatosha kusema kuwa watu wengi waliusikia ukifanya mchezo wa kumwingilia mwanamke kwa nguvu. Kelele zikawa nyingi, bodi ya serikali ya kuainisha filamu ikataka uondolewe, nao vijana wakaomba radhi na kuutoa katika mtandao. Watu wazima waliona mas'ala yamekwisha. Sisi twaona ndipo yanapoanza. Maana kabla ya kelele zile wako watoto waliokwisha kuuimba, wavulana na wasichana pamoja, wala hawakuuimba kwa uovu. Waliuimba kwa kuwa masikio yao yamezoezwa kuwa maneno ya wimbo hayana maana. Wameambiwa mara elfu na nyimbo elfu kwamba wimbo hausemi kitu, ni wa kuchangamsha tu. Basi ulipokuja wimbo uliosema kitu, tena kitu kibaya, haukukuta bawabu mlangoni.

Sasa twendeni Unguja, tukautazame wimbo mwingine uliomtaja mwanamke aliyedhulumiwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika jamaa ya watu wanyonge, na mwaka 1928 alisafiri na wenziwe mpaka Bombay akatia sauti katika sahani za santuri za His Master's Voice. Msomaji azingatie: na hiyo nayo ilikuwa kampuni ya biashara, yenye mashine, yenye kutaka faida, na sahani zile ziliuzwa kwa fedha katika pwani yote na bara. Tena nyimbo zake zilipendwa na vijana, zikachezwa, zikavumishwa mitaani. Katika hizo uko wimbo mashuhuri uitwao "Kijiti", wenye kisa cha kweli cha mwanamke mgeni, mja mzito, aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Muuaji akatoroka akavuka bahari, na waliotiwa adabu na mahakama wakawa ni wale waliokuja kutoa ushahidi. Watu wakauimba. Waliokuwa hawawezi kuandika barua kwa hakimu wa Kizungu waliuimba wimbo ule barazani na jikoni, na kila aliyeuimba alijua jina la mwuaji, na alijua kuwa hukumu ile haikuwa ya haki. Leo imekaribia miaka 100, na kisa kile hakijasahaulika.

Basi ziweke nyimbo mbili hizi pamoja, ewe ndugu kijana uliyeuliza. Zote mbili ni za starehe. Zote mbili ziliuzwa. Zote mbili zilisikilizwa na vijana wa zama zake, na wazee wa zama zake walikunja uso, kwani usidhani Siti hakusemwa, alisemwa sana. Tofauti haiko katika ngoma wala katika umri. Siti alikuwa na mtu wa kumsema, na watu wa kuwaambia, na neno alilotaka walibebe. Jawabu letu la kwanza kwako, basi, ni hili: si upuuzi kwa kuwa ni zenu. Upuuzi ni pale ambapo hakuna anayesema na hakuna anayeambiwa.

Na kipimo chake ni chepesi, hakihitaji elimu kubwa. Jiulize: je, naweza kubishana na wimbo huu? Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu, naye yu mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwusia mambo ya dini na ya dunia. Huo nao ni utungo wa kijana, ulitungwa kwa ajili ya msichana mmoja aliyekaribia kuingia nyumbani kwake. Wako wanawake wasomi wa leo wanaokhitilafiana naye katika aliyoyasema juu ya mke na mume, na wameandika kumpinga. Twaona kupingwa huko ni heshima aliyofanyiwa: zaidi ya miaka 160 baada ya kauli yake, bado ana wa kumjibu. Nani atakayeujibu wimbo uliotawala soko letu mwezi uliopita? Atamjibu nani, na kwa lipi? Maji ya kifundo cha mguu hayamzamishi mtu, lakini pia hayamfundishi kuogelea.

Watu wa Kigusii walikijua kipimo hiki kabla ya kuja darasa letu hapa. Mpiga obokano, zeze lile kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, hukaa katikati ya watu wanaomjua na anaowajua. Akimsifu bakhili, mzee aliyekaa karibu naye atamkatiza. Akimsahau marehemu, jamaa za marehemu watamkumbusha. Wimbo wake wahesabiwa pale pale na wenye hisabu. Wala msidhani tunaililia ala ya kale kwa ukale wake: marehemu Christopher Monyoncho alipiga gitaa, ala ya kigeni, katika muziki wa benga, na watu wazima wa hapa hawakumhesabu kuwa mgeni, kwa kuwa aliwaimbia kwa Kigusii mambo ya nyumba zao, wakaweza kukubali na kukataa.

Ama mtengenezaji wa leo hahesabiwi na wazee, ahesabiwa na mashine, na mashine ina hisabu yake. Spotify, iliyofika Kenya mwaka 2021, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Usikilizapo mpaka mwisho au ukauacha katika sekunde ya 31, kwake ni mamoja. Katika TikTok kinachobebwa na watu ni kipande cha sekunde chache cha kuchezea. Na hapa kwetu kuna Skiza ya Safaricom, ambayo humsikilizisha kipande cha wimbo yule anayepiga simu akingoja kujibiwa. Nasi tunamjua mzee mmoja mwenye heshima zake ambaye ukimpigia kumwuliza khabari za mazishi hukuchezea wimbo wa mapenzi, naye hajui aliyemtilia wala namna ya kuutoa. Alhasili, mtungaji aliyeingia katika hisabu hii hajiulizi "Nitasema nini?" Hujiuliza "Nitamzuiaje mtu kwa nusu dakika?" Ndio maana kiitikio kimepandishwa mpaka mwanzo, na mwendo wa kisa, ambao wahitaji subira, umekatwa.

Mwaka 2012 wataalamu walioongozwa na Joan Serrà wa Barcelona walichapisha katika jarida la Scientific Reports utafiti wa nyimbo zaidi ya 460,000 za nchi za Magharibi, za tangu 1955 hata 2010, walizozipima kwa kompyuta. Waliona kwamba mifuatano ya sauti imezidi kufanana, rangi za sauti zimepungua, na ukubwa wa sauti umeongezeka. Nyimbo zile si zetu, lakini masikio yetu yamekwisha kuyajua matokeo hayo bila ya kompyuta. Na tangu mwaka 1997 kuna chombo kiitwacho Auto-Tune, kilichobuniwa na mtaalamu aliyekuwa akipima mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kutafuta mafuta, nacho huinyosha sauti iliyopinda. Kina manufaa yake. Lakini sauti zote zikinyoshwa kwa rula moja, mtoto atamjuaje mwimbaji kwa sauti yake, kama tulivyowajua mu'adhini wetu kabla ya kuwaona?

Watakuja watu waseme: "Sheikh, vijana ni vijana, waacheni wafurahi. Si kila wimbo uwe wasia." Neno hili ni kweli, nasi twalikubali. Wimbo wa kumbembeleza mtoto una maneno manne, na hauna kisa, na hakuna mwenye akili atakayesema kuwa hauna kina. Kwa sababu mama yupo, mtoto yupo, na usingizi unatafutwa. Wepesi si upungufu. Furaha ya arusi, mchezo wa mwezini, mzaha wa vijana wenyewe kwa wenyewe, hivyo ni katika tabia aliyoiumba Mola. Tena twaongeza: afadhali kijana atunge wimbo wake mbaya na rafiki zake, chini ya mti, kuliko kuuchukua mzuri wa kiwandani. Ule mbaya ni wake, na kesho ataona ubaya wake.

Linalotuhuzunisha ni jingine, nalo tumeliona kwa macho. Kijana mmoja wa bodaboda alifariki kwa ajali ya barabarani, na wenziwe wakaisindikiza maiti kwa msafara wa pikipiki, kama ilivyo desturi yao, wakipiga honi. Juu ya pikipiki ya mbele walikuwa wamefunga spika, na spika ile ilikuwa ikipiga wimbo wa kucheza, ule ule uliokuwa kwa kinyozi wiki ile. Wako watu waliowalaani. Sisi tuliwatazama nyuso zao, na nyuso zao zilikuwa zimeloa machozi. Walimpenda mwenzao. Walitaka kumlilia, na katika nyimbo zote walizozijua, mamia kwa mamia, hapakuwa na hata mmoja wa kulilia. Bibi zao walikuwa na nyimbo za maombolezo za kumtaja marehemu kwa jina lake na jina la babake na kilima alichozaliwa. Wao walikuwa na kile kilichobaki katika simu. Hasara ya nyimbo hizi, tukiulizwa, haiko katika saa zinazopotea, ijapokuwa zinapotea, wala katika fedha za bando zinazotolewa katika bonasi ya majani chai ya mama, ijapokuwa zinatolewa. Hasara ni kwamba kijana afikwapo na jambo zito, furaha ya kweli au msiba wa kweli, hukuta ghala tupu.

Tufanyeje, basi? Kumnyang'anya mtoto simu si dawa. Jirani yake anayo. Wala mimbari pekee haitoshi, kwani khatibu anayekemea nyimbo kila Ijumaa kwa maneno yale yale naye ana kiitikio chake, na vijana wamekwisha kukizoea. Sisi tumeona tuanze na masikio. Katika darasa yetu ya Jumamosi baada ya alasiri, kijana huruhusiwa kuleta maneno ya wimbo aupendao, ameyaandika kwa mkono wake katika karatasi, bila ya ngoma. Huyasoma mbele ya wenziwe kwa sauti ya kawaida, kisha wenziwe humwuliza: nani anasema hapa, anamwambia nani, nawe wakubaliana naye? Hatuongezi neno. Wengine wamezisoma karatasi zao mpaka nusu wakazikunja wenyewe. Na mmoja alileta maneno ya wimbo wa kijana mwenziwe wa Kisii, wa vijana hawa hawa wa leo, juu ya baba aliyeuza shamba. Akausoma mpaka mwisho, na darasa zima likabishana mpaka adhana ya magharibi. Wimbo ule tuliuhesabu kuwa wimbo, ingawa haukutungwa na mzee.

Baada ya hayo tukawafundisha vina na mizani, namna tulivyofundishwa sisi, silabi nane kwa nane, na tukawataka kila mmoja alete beti nne juu ya jambo alilolishuhudia hapa Nyaramba, lisiwe la kusikia. Karatasi saba zimerejea. Mbili zimenakiliwa, na wenyewe wanajijua. Katika zilizobaki uko utungo wa msichana mmoja juu ya mama anayepima majani chai kituoni, na karani anayesoma mizani huku amekinga kioo chake kwa mkono. Kina cha kati kimempotea katika ubeti wa pili, na mshororo wa mwisho umezidi silabi mbili, kwa hiyo tumemrudishia autengeneze. Tumemwambia asiguse ule mkono wa karani. Akiurejesha tutaupiga chapa katika toleo lijalo, inshallah, pamoja na mas'ala ya kasida zetu wenyewe, ambazo nyingine siku hizi zinavishwa mahadhi ya nyimbo hizi hizi tulizozisema.